Sonde ya Boti Yetu

Kaka yangu mkubwa alipokufa, boti ilipinduliwa juu ya mawe ya pwani, tumbo likiangalia jua, na hakuna aliyeigusa mpaka kilio kikaisha. Kilio kiliisha, na bado hakuna aliyeigusa. Asubuhi mama alikuwa akishuka ziwani, anaizunguka mara moja, anapapasa mbao zake kama mtu anavyopapasa ubavu wa ng'ombe aliyerudi kutoka malishoni akiwa mgonjwa, kisha anapanda nyumbani.

Boti ilikuwa ya mama. Sisi ni watu wa milima ya Masisi, watu wa ng'ombe. Tulipoteremka Goma, mama alikuwa amebaki na ng'ombe wachache ambao hakuwa na mahali pa kuwalisha. Akawauza, akanunua boti ya mbao na motere ya kuisukuma. Majirani walimcheka sana: mwanamke asiyeweza hata kunawa miguu ziwani bila kushika jiwe, ananunua boti! Yeye alijibu kwamba maziwa ni maziwa, hata yakitoka ndani ya maji. Tangu siku hiyo hakuiita boti. Aliiita ng'ombe yangu, na jioni kaka akirudi kutoka soko la Minova, mama alimuuliza mlangoni, "Leo imekamwa?" Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata siku moja. Alikuwa akiiogopa kwa heshima, kama watu wanavyoogopa fahali wao wenyewe.

Kaka ndiye aliyeendesha. Mimi nilikuwa mtu wa mizigo: kupanga magunia ya makabichi na mihogo, kutoa maji kwa kopo, kurusha kamba tukifika. Shule niliishia mwaka wa pili wa sekondari. Motere naijua, naweza kuifungua nikaifunga tena bila kubakiza kipande mkononi. Ila chini ya maji sikukujua.

Na upande wetu wa ziwa, kujua chini ndiyo kazi yenyewe. Lava imeshuka mara nyingi mpaka majini, ikaganda humo. Juu unaona maji yametulia. Chini kuna ncha kama meno. Mahali pamoja hakuna kamba inayoweza kugusa mwisho, na hapo pembeni tu kuna jiwe linaloweza kupasua ubao kama unavyopasua ganda la karanga. Kaka alikuwa na njia yake kichwani. Alikuwa akikaza macho pwani, anageuza kidogo, anarudisha, huku akizungumza na abiria juu ya bei ya maharagwe. Nilikaa naye ndani ya boti hiyo miaka, na sikumuuliza jiwe liko wapi. Wakati huo sikuona sababu ya kuuliza. Yeye alikuwepo.

Ugonjwa wake ulikuwa wa tumbo, na ulikwenda haraka. Hospitalini walimwekea sonde, ule mpira wa kupitisha mkojo, halafu siku za mwisho wakamwekea sonde nyingine puani, ya kupitisha uji. Kwetu neno hilo likitoka kinywani mwa muganga, watu wa familia wanaanza kutafutana kwa simu. Mama alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, ameshika ule mpira kwa vidole viwili ili usimvute mtoto wake. Alikaa hivyo mpaka alipoambiwa auachie.

Baada ya kilio mke wa kaka alifagia chini ya kitanda, akatoa kartoni. Ndani kulikuwa na kimashini chenye kioo kidogo kama cha simu kubwa, waya mrefu mweusi, na mwisho wa waya kitu cha plastiki chenye umbo la samaki asiye na mkia. Nilikitambua. Kaka alikuwa amekinunua kwa mtu aliyekivusha kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kikiwa kimeshatumika. Ni mashini ya kupima maji: inaonyesha kwenye kioo mwisho wa maji uko umbali gani chini ya boti. Watu wengi wameniambia kwamba kaka alijua anaondoka, akatuachia macho. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba alikiona kinauzwa akakitamani, kama alivyotamani redio na saa. Siwezi kusema zaidi ya ninachojua, na sijui.

Nilichojua ni kwamba mtu mmoja wa pwani ileile alikuwa amekuja kumwomba mama amuuzie boti, na mama hakumfukuza.

"Ng'ombe bila muchungaji," mama aliniambia jioni ile, "ni ya mwizi ao ni ya chui. Kama haujue kuipitisha, tuiuze, watoto wa mukubwa wako wapate kula."

"Mama, ningojee mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi utakujulisha mawe?"

Nilibeba kartoni, nikaenda Murara, mtaa mwingine wa Goma.

Huko kulikuwa na mwanamke anayetengeneza redio, simu na panneau za umeme wa jua ndani ya kibanda cha mbao. Nilikuwa nimesikia jina lake mara nyingi, na sikuwa nimemwona akifanya kazi. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na juu ya meza yake kila vise, yaani skrubu, ilikaa ndani ya kifuniko chake cha chupa, ya redio hii hapa, ya redio ile pale, wala hazikuchanganyika. Alitoa vitu vyote kutoka kwenye kartoni na kuvipanga. Karatasi zake zilikuwa za lugha ambayo sisi wote wawili hatusomi. Aliangalia picha polepole, moja moja, akirudi nyuma kama mtu anayesoma barua ya ndugu. Kisha akauliza:

"Boti iko kwa maji?"

"Hapana, mama fundi. Iko juu ya mawe tangu mukubwa wangu afe."

"Pole sana, papa. Basi imekauka. Tuinyweshe kwanza. Mimi ni mutoto wa pwani, wa Vitshumbi, baba yangu alikuwa anatengeneza mitumbwi. Hauwezi kufunga kitu kwa mbao yenye kiu."

Tuliipindua boti, tukaishusha mahali penye maji haba, tukaijaza maji ya ziwa ndani na kuweka mawe ili isiondoke. Ikakaa hivyo ikinywa. Kila siku nilienda kuangalia nyufa zikifunga mdomo. Lilinifurahisha jambo hilo kuliko nilivyotarajia: kitu kilichokuwa kimelala kikivimba taratibu na kushikana tena.

Siku ya kufunga, mama fundi alikuja kwa pikipiki, mfuko wa vyombo kifuani na batri ndogo mgongoni. Tulikuwa tumetoa maji, tukainua nyuma ya boti juu ya magogo. Alinieleza alichotaka kufanya. Kile kitu chenye umbo la samaki ndicho kinachosema na maji; lazima kikae nyuma ya boti, chini kidogo ya ubao, uso wake ukiangalia chini sawasawa, mbali na elisi, yale mapanga ya motere yanayozunguka majini, ili mapovu yasikizibe masikio. Alipima kwa kidole, akaweka alama kwa makaa. Alishika perseze ya mkono, chuma cha kutobolea mbao. Vijana wa pwani walikuwa wameshajaa, maana Goma ukifungua mfuko wa vyombo unapata watazamaji.

"Boti inawekewa televisheni!" mmoja alisema.

"Papa, mutakuwa munaonesha match? Mi nilipe ya mbele!"

Mama naye alikuwa anashuka na sahani ya viazi, imefunikwa kitambaa. Sikumwona. Mama fundi alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, akasema, "Papa, nipe sonde."

Ndilo jina lake. Kwa Kifaransa kitu kile kinaitwa sonde, na fundi hana jina lingine. Nilikuwa nimelisikia kwake tangu Murara na halikunigusa, kwa sababu masikio yangu yalikuwa kwenye mashini. Mama alilisikia mara moja, na masikio yake yalikuwa bado hospitalini.

"Munaiwekea nini?"

"Sonde, mama," nilijibu, kabla sijasikia mwenyewe nilichosema.

Sahani haikuanguka. Aliiweka juu ya jiwe vizuri, akafunika tena viazi, na hapo ndipo alipoanza.

"Walimuwekea mutoto wangu sonde, akaenda. Sasa munaleta sonde kwa ng'ombe yangu? Na mumeshika chuma ya kuitoboa! Ng'ombe ya maziwa mutu anaitoboa?"

"Mama, ni jina tu..."

"Jina tu! Hata kifo ni jina tu!"

Yule kijana wa televisheni hakujua kunyamaza. "Mama, banaipiga ekografi, boti iko na mimba!"

Mama aligeuka. "Mimba ya mama yako weye njo walipaswa kupima mbele, waone kama kuko mutu ndani."

Pwani nzima ililipuka, hata wapakuaji wa boti ya jirani waliweka magunia chini. Mama hakucheka. Mimi niliona kwamba imekwisha: kesho atamwita yule mnunuzi.

Ninataka kuandika vizuri alichofanya mama fundi, kwa sababu nimekutana na watu wengi wenye kujua kazi, lakini ni wachache niliowaona wakifanya hivi. Aliweka perseze chini. Hakusema kwamba mama hajui, wala hakutabasamu kwa upande wa vijana. Alienda akakaa juu ya jiwe pembeni mwa mama, akavua miwani, akauliza, "Mama, unieleze. Yeye walimuwekea wapi?"

Na mama akaeleza. Tangu kilio hakuwa amesema habari za hospitali. Tukianza, alikuwa akitoka nje. Sasa alisema yote, kwa Kinyarwanda na Kiswahili vimechanganyika, mbele ya vijana wale ambao mmoja mmoja walianza kuangalia miguu yao. Alieleza mpira wa kwanza na mpira wa pili. Alieleza kwamba mtoto wake alitaka kuung'oa ule wa puani na yeye ndiye aliyemshika mkono, kwa sababu muganga alisema asiung'oe. Mimi nilikuwa ndani ya chumba kile na sikujua kwamba jambo hilo ndilo lililomkaa moyoni. Mama fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kutafuta neno tamu.

"Mama, sitakudanganya. Hii pia jina lake ni sonde. Na ni kweli, nilikuwa nataka kutoboa."

"Umeona."

"Lakini angalia motere. Imeingia ndani ya mbao?"

Mama aliangalia. Motere zetu hazipigiliwi. Zina taya mbili za chuma zinazobana ubao wa nyuma kwa vise za mkono.

"Haikuingia. Imeshika tu."

"Kule kwenu, ng'ombe anayetangulia wengine munamuvalisha nini, ukungu ukishuka?"

"Kengele."

"Inaingia kwa nyama?"

"Aa! Inaning'inia kwa shingo."

"Basi hii tutaivalisha vile. Sitoboe."

Akaenda kuchukua batri. Aliunganisha kimashini kwa mikono, waya mwekundu na mweusi, kioo kikawaka. Akakishika kile kitu chenye umbo la samaki hewani, akakisogeza karibu na sikio la mama. Mama alirudisha kichwa nyuma, kisha akakirudisha mwenyewe. Nami niliinama. Kilikuwa kinapiga: tk, tk, tk, sauti ndogo kavu, kama mdudu ndani ya ukuta.

"Mana yanjye," mama alimwita Mungu kwa Kinyarwanda. "Inaita nani?"

"Inaita chini. Inapiga, inangojea chini ijibu. Ikijibu upesi, jiwe iko karibu. Ikikawia kujibu, maji ni mingi."

"Na ikikosa jibu?"

"Ikikosa jibu, ni kusema hakuna kitu ya kugonga. Mutoto wako apite tu."

Mama alisikiliza tena, sikio moja, halafu sikio lingine. Hakusema ndiyo. Alisema, "Mufunge bila kutoboa. Mimi nitaona." Akachukua sahani, akatugawia viazi, na kijana yule wa mimba alipata cha mwisho, kidogo kuliko vyote.

Kwa hiyo kazi ilianza upya, na ilikuwa ngumu zaidi. Mama fundi alichora juu ya mchanga, akafuta, akachora tena. Tulienda kwa mchomelea vyuma, akatutengenezea taya kama za motere. Kutoka kwenye taya ulishuka mkono wa mti mgumu, na kati ya taya na mkono mama fundi aliweka bawaba ya mlango. Sonde ilifungwa mwishoni mwa mkono. Ukiwa majini, unaushusha mkono na kuufunga kwa kamba. Ukifika pwani, unafungua kamba, mkono unainuka. Ni hapo tu nilipoona tulichokuwa karibu kufanya. Sisi hatuna gati kila mahali. Boti zetu tunazivuta juu ya mawe ya lava, watu sita wakipiga kelele, nyuma ikisuguliwa kama sufuria. Sonde iliyopigiliwa chini ya ubao ingekuwa vumbi siku ya kwanza. Nilimwambia mama fundi hivyo. Akasema, "Nimeona tayari, papa. Mama yako ametuokoa, lakini usimuambie leo. Leo ni mukali."

Waya ndio ulionishangaza zaidi. Ulikuwa mrefu kuliko boti ilivyohitaji, na mimi nilishika kisu ili nipunguze. Alinipiga kofi mkononi kama mtoto anayegusa sukari.

"Ukikata hii, umekata ulimi yake. Mashini ilitengenezwa kwa urefu ya hii waya."

Aliukunja uliozidi kwa mikunjo mikubwa mipole, akauficha chini ya benchi. Kila mahali waya ulipopita aliweka kipande cha mpira wa baiskeli ili ubao usiule. Kabla haujaingia kwenye kimashini aliuacha ushuke kidogo na kupanda tena, tumbo dogo, na akanieleza kwamba maji ya mvua hufuata waya. Yakifika kwenye tumbo lile yanadondoka hapo, hayapandi. Kwenye waya mwekundu aliweka fizibo, yaani fyuzi, karibu kabisa na batri, ili kama kuna kitu kitaungua, iungue ile ndogo. Batri ya kimashini aliitenga na motere. Akapaka mafuta mazito kwenye vichwa vyake. Kisha akakata bidon ya njano, dumu la mafuta, katikati, akaifanya nyumba ya kioo, jua na mvua visikifikie. Hakuharakisha chochote. Alipofunga vise ya mwisho aliifungua tena, akaiangalia, akaifunga.

Tulishusha boti majini. Motere ikiwa imezimwa, kioo kilikuwa safi, mstari mmoja wa chini ukionekana vizuri. Nilipowasha motere, kioo kikajaa mikwaruzo kama mvua. Nilidhani tumeharibu. Yeye aliinamisha kichwa, akafuata waya kwa vidole mpaka mahali ulipokuwa umekaribiana na waya wa motere, akauhamishia upande mwingine wa boti. Mikwaruzo ikapungua, ikaisha.

"Walikuwa wanaongea pamoja," alisema. "Sasa kila mutu kwake."

Namba ilisema ishirini na moja. Nikafurahi. Mita ishirini na moja za maji hapo karibu na pwani! Mama fundi hakufurahi. Aliomba kamba, akafunga jiwe, akalitupa, akashika kamba lilipogusa chini, kisha akaipima kwa metre ya seremala. Mita sita na kidogo.

Tulitazamana. Kama ningeiamini ile namba, ningepita kifua mbele juu ya jiwe lolote la ziwa hili. Alitoa tena zile karatasi za picha, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza, mpaka alama ndogo pembeni mwa namba ikabadilika, na namba ikawa sita.

"Ilikuwa inahesabia kwa pieds, kwa futi, ni kusema miguu," alisema. "Nani hapa anapima kwa pieds? Hata viatu yenyewe hatuna ya kufanana."

Alinifanya nitupe lile jiwe mahali pengine, na pengine, na pengine, namba na kamba vikilinganishwa, mpaka mabega yakaniuma. Mwishowe alisema jiwe limekubali, akafunga mfuko wake, akarudi Murara, ambako kulikuwa na redio za watu zikimngojea.

Siku iliyofuata nilitaka kujaribu njia nzima bila mtu wala mzigo. Nilipofika pwani nilimkuta mama amekaa juu ya boti, katikati, amevaa koti la ibada na viatu vya kufunga, mikono imeshika ubao kulia na kushoto. Alikuwa ameshapandishwa na vijana.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninaenda Minova."

"Ngoja nijaribu kwanza mimi peke yangu."

"Kama ninaiuza, niijue. Kama siiuze, niijue. Washa."

Niliwasha. Kwa muda mrefu hakufungua macho. Namba zilienda zikipanda: ishirini, hamsini, tisini, mia na zaidi. Katikati ya maji mengi zilianza kucheza, kisha zikapotea, pakabaki vistari tu. Mama fundi alikuwa ameniambia, lakini kuambiwa na kuona si kitu kimoja. Hapo mama alikuwa amefungua macho, na alikuwa anaangalia kioo kile kitupu.

"Imenyamaza," alisema.

"Ndiyo, mama. Maji ni mingi."

"Hakuna kitu ya kugonga."

"Hakuna."

Aliomba kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, si ya woga. Nilisikia jina la kaka ndani ya maombi, na jina langu.

Tulipokaribia zile ncha za lava, namba zilirudi. Sitini. Arobaini. Nilipunguza motere. Ishirini na mbili. Kumi na tano. Maji mbele yetu yalikuwa matulivu kama mahali pengine popote. Kama si kile kioo ningenyoosha moja kwa moja. Tisa. Nikageuza pua ya boti kuelekea ziwani. Saba. Nikageuza zaidi. Saba, nane, kumi na mbili. Tulizunguka kitu ambacho hatukukiona, na tulipokuwa tukikizunguka niliinua macho pwani, nikaona shamba la migomba, paa la bati jekundu na mlima nyuma yake vikijipanga kwa namna niliyoijua. Nilikuwa nimeviona vimejipanga hivyo mara nyingi sana, nikiwa nimekaa juu ya magunia, bila kujua ninaangalia nini. Hapa ndipo kaka alipokuwa akikatiza maneno yake katikati, abiria wakidhani anafikiria jibu.

Mama naye alikuwa anaangalia pwani.

"Hapa njo alikuwa anapita?"

"Sijui, mama. Nafikiri."

"Hata mimi nafikiri," alisema, ingawa hakuwahi kupita pale maisha yake yote.

Minova walitutambua kutoka mbali. Wachuuzi waliokuwa wakisafiri na kaka walishuka mpaka maji ya magoti, wakamshika mama mikono yote miwili, wengine wakalia, halafu wakaanza kupakia bila kuuliza kama tunachukua mizigo. Makabichi, mihogo, bidon za mafuta ya mawese, mwanamke mwenye tenga la kuku. Niliinua ule mkono wa mti, tukasukuma boti, nikaushusha tena. Mama hakurudi kukaa katikati. Alikuja nyuma, akakaa kwenye benchi ambalo chini yake kulikuwa na mikunjo ya waya, akapanga kitenge chake, akaangalia kila mguu ulioingia.

Mwanamke wa kuku alitafuta mahali, akaweka tenga lake pembeni mwa benchi lile.

"Mama," alisema akiwa anakaa, "kwetu huku tulisikia munauza hii boti."

"Mulisikia mubaya," mama alijibu. "Ondoa kuku kwa waya."